Naomba ushauri: gitaa la Epiphone lenye anwani ya Kalamazoo

Ndugu wanajamii, habari zenu. Naomba ushauri kuhusu gitaa la umeme la Epiphone aliloniachia marehemu mjomba wangu, aliyekuwa akipiga solo katika bendi ya dansi. Ukichungulia tundu la mwili wake unaona karatasi ya buluu iliyoandikwa Kalamazoo, Michigan, ila kona yake ya chini imechanika, na shingo imefungwa kwa skrubu nne juu ya kibati. Ninavyofahamu, kampuni iliyomiliki Gibson iliinunua Epiphone mwaka 1957, magitaa ya majina yote mawili yakawa yanatengenezwa Kalamazoo, hadi utengenezaji wa Epiphone ulipohamishiwa Japani mnamo 1970. Hapo ndipo ninapokwama, kwa kuwa shingo za Kalamazoo ziliunganishwa kwa gundi. Nimelinganisha namba ya kwenye kibati na orodha za Gibson, lakini haikupatana na yoyote. Siliuzi kamwe, nataka tu fundi atakayebadilisha swichi iliyokufa ajue anashika gitaa gani.

Je, anwani hiyo pekee inatosha kuthibitisha kwamba lilitengenezwa Marekani? Na ni alama gani nyingine ninayoweza kuikagua bila kufungua shingo?