Naomba ushauri: ardhi ya mji-bustani mpya ishikwe na nani?

Habari zenu wanajamvi. Naombeni ushauri, hasa kwa mliosomea mipango miji.

Niko kwenye kamati inayoandaa mapendekezo ya makazi mapya ya aina ya mji-bustani: nyumba za bei tofauti, kazi karibu, bustani, njia za miguu na baiskeli. Michoro haitusumbui, tumekwama kwenye umiliki wa ardhi. Ebenezer Howard, Mwingereza aliyeanzisha wazo la mji-bustani, alitaka ardhi ibaki mikononi mwa jamii ili kodi ya pango ya ardhi hiyo igharamie huduma. Kule Letchworth, Uingereza, mji ulioanzishwa mwaka 1903, hadi leo ipo taasisi inayosimamia mali hizo na kurudisha mapato kwa wakazi. Wenzangu wanataka viwanja vyote viuzwe mapema, tupate fedha za barabara na maji. Nilipopendekeza ukodishaji wa muda mrefu, wakasema benki hazitawakopesha wanunuzi (sijashawishika, ila sina hoja ya kuwajibu).

Je, tukiuza viwanja vya nyumba na kubakiza vya biashara chini ya amana ya wakazi (chombo cha kushika mali kwa niaba yao), mapato yatatosha kutunza bustani? Na amana hiyo iundwe kabla ya ujenzi, au wakazi wakishahamia?