Kusaini mkataba wa pango kwa simu, bure

Wakuu, naombeni msaada. Mama mdogo yuko Muscat, nyumba yake iko Tanga, Chumbageni. Mpangaji kapatikana, mkataba ni PDF. Mama hana printa, na tovuti moja ya "bure" imetaka kadi ya benki kabla hajasaini. Ipo njia nyingine? Na saini hiyo Tanzania inakubalika?

Fundi Simu: Tovuti ya bure inayodai kadi, kimbia. Aweke Acrobat Reader kwenye simu, afungue PDF, aingie sehemu ya kujaza na kusaini, achore saini kwa kidole. Kidole kikitetemeka, asaini kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe, mchana, apige picha, aiingize. Halafu akutumie PDF yenyewe, siyo picha ya skrini!

Mtoto wa Ngamiani: Kama ana iPhone hahitaji kupakua chochote. Akigusa alama ya kalamu kwenye PDF, saini imo.

Wakili Mstaafu: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua saini ya kielektroniki. Ila hati ya kuuza nyumba au wosia ni habari nyingine, msiende na kidole. Na mkataba una namba ya pasipoti. Usiupandishe kwenye kila tovuti.

Muulizaji: Kasaini. Saini imetoka kubwa kuliko jina la mpangaji, lakini mpangaji kairidhia. Shukrani wakuu.