Nondo wamelitoboa koti la sufu la marehemu baba. Nifanyeje kabla hawajahamia kwenye mablanketi?

Binti_wa_Makete
Wakuu, habari za jioni. Wenye uzoefu na nguo za sufu naombeni msaada. Tuna koti la marehemu baba, zito, la kijivu, alilokuwa akivaa kanisani na kwenye vikao vya ukoo. Tangu arobaini ipite limetundikwa nyuma ya mlango, limefunikwa kanga. Juzi mdogo wangu wa kiume akataka kulivaa akapeleke mahari, tukakuta chini ya kola pamelika na kwapani kuna matundu, mengine yanapitisha kidole. Kwenye pindo kuna utando mweupe na chengachenga ngumu zenye rangi ileile ya koti.

Kabatini kuna mablanketi ya sufu na masweta ya bibi. Mama anataka tumwage vidonge vya naftalini kabati zima. Mimi nasita, maana wifi amejifungua na anakuja kukaa kwetu na kichanga. Halafu usiku kuna vidudu vyenye mbawa vinazunguka taa ya jikoni. Ndio hao hao?

Babu_Asilia
Majani ya mwarobaini, yakaushe, funga kwenye kitambaa, weka kabatini. Kwisha habari.

Masweta_Makambako
Dada Binti, pole. Mimi nauza masweta na makoti ya mtumba hapa Makambako, na msimu wa Juni na Julai sufu ndiyo inayolipa ada za watoto wangu. Nondo nawafahamu vizuri kuliko majirani.

Babu, shikamoo, ila kwa hilo la mwarobaini sikubaliani. Labda harufu inamfukuza anayetafuta pa kutagia. Aliyekwisha kuingia kwenye mshono hasikii wala haoni.

Hao wa jikoni waacheni kwanza, kagueni debe la unga na gunia la maharage. Nondo wa nguo hapendi mwanga. Ni kadogo, hakafiki sentimita moja, rangi ya dhahabu iliyofifia, na ukifungua kabati kanakimbilia kwenye mikunjo badala ya kuruka. Isitoshe, akishaota mbawa hali kitu. Anayekula ni kiwavi wake, mweupe mwenye kichwa cha kahawia. Ule utando ni wake, na zile chenga ni kinyesi chake, ndiyo maana zimechukua rangi ya koti. Kwa hiyo kumpiga kandambili anayeruka halafu ukatundika koti palepale ni kazi bure. Jike hutaga mayai arobaini, hamsini, na kwa macho ya kawaida huyaoni.

Umeona pameliwa kola na kwapa? Ni jasho na mafuta ya mwili. Sufu safi tupu haimpi kiwavi kila anachohitaji, anafuata uchafu. Nguo iliyovaliwa mara moja ikatundikwa bila kufuliwa, na mahali penyewe pana giza na hapaguswi, hapo umemwandalia. Belo likifunguliwa, mimi huanza kukagua kola na mifuko kabla sijatazama kitu kingine.

Kesho jua likitoka, toa kila kitu nje. Koti ligeuze ndani nje, vuta mifuko itokeze, piga brashi ngumu kwenye mishono, chini ya kola na kwenye pindo. Usilifanyie hivyo sebuleni, utawamwaga kwenye zulia. Kisha chukua kitambaa cha pamba kilicholowa, kitandike juu ya koti, pitisha pasi ya moto taratibu, hasa kwenye mishono. Joto likipenya na kufika nyuzi 55 na zaidi, mayai na viwavi wanakufa. Pasi ya mkaa inafaa sana, mradi majivu yasidondoke. Usitegemee jua la Makete la mwezi wa saba kuua, kazi yake ni kukuonyesha walipo na kuwasumbua.

Kabati nalo: futa kila kona, chokoa nyufa kwa kijiti, toa vumbi na nywele zilizojibana chini ya droo. Watu wanasafisha nguo vizuri halafu wanazirudisha kwenye kabati lenye viwavi.

Na usihangaike na nguo zote. Masweta mengi ya siku hizi ni akriliki tupu, yaani uzi wa plastiki, nondo hana shida nayo labda iwe imechanganywa na sufu au imejaa uchafu. Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uchome kwa kiberiti ukiwa umeushika kwa kibanio. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unazimika wenyewe, na majivu yanasagika vidoleni. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Nesi_Mstaafu
Mwanangu Binti, mwambie mama asimwage hiyo naftalini. Huku kwetu watu wengi wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe nyekundu za damu, hasa katika jamii zilizoishi na malaria vizazi na vizazi, na wengi hawajijui. Mtoto wa namna hiyo akivuta hewa ya naftalini, au akifungwa nepi na blanketi zilizohifadhiwa nayo, chembe nyekundu za damu zinaweza kupasuka. Anapata manjano, na manjano makali kwa kichanga yanaweza kuharibu ubongo. Kama kuna nguo za mtoto zilizokaa na vidonge hivyo, msimvishe. Mkimwona macho au ngozi imegeuka njano, au amelegea na hanyonyi, msingoje kesho. Mpelekeni hospitali na muwatajie hiyo naftalini.

Halafu vidonge vyenyewe vinafanana na pipi. Wale wakubwa zake wanaotambaa na kukimbia wanavitia mdomoni.

Na kabati la kawaida lina mianya. Naftalini inaua pale hewa yake inapobanwa ndani ya kitu kisichovuja. Mkiinusa chumbani, basi ninyi ndio mnaoivuta.

Mndali_Leeds
Naongezea kutoka Uingereza, huku nondo ni janga la kila nyumba yenye zulia la sufu. Kuna mitego ya karatasi yenye gundi na harufu ya jike. Inanasa madume tu. Inakusaidia kujua kama bado wapo, haiwamalizi. Vipande vya mwerezi vinauzwa bei mbaya na vikishakauka havina kazi. Mimi natumia friza. Nguo kwenye mfuko wa plastiki, hewa imekamuliwa, nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Ukiitoa usifungue mfuko hapohapo, acha ipate joto taratibu ifikie lile la chumba, la sivyo nguo inalowa.

Binti_wa_Makete
Asanteni sana, asante mama Nesi, nimemsomea mama na vidonge vimerudi dukani. Kaka Masweta, friza hatuna, na umeme wenyewe unakatika. Na mablanketi nayafanyaje? Hayana matundu bado.

Masweta_Makambako
Mablanketi yakague kwa mwanga mkali, mkunjo kwa mkunjo. Kama hamna utando, yafue kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, msiyakamue kwa kuyasokota, yalazeni yakauke kabisa. Kisha mfuko mzito wa plastiki usio na tundu, mdomo ukunjwe mara mbili na kufungwa kwa mpira, ndani ya sanduku la bati. Yakiingia na unyevu yataota ukungu, kwa hiyo msiharakishe. Yatoeni mara moja moja muyakung'ute.

Koti mpelekee mwenye bucha anayejulikana kwa friza lenye jenereta. Lifunge mifuko miwili, andika jina lako kwa kalamu ya wino mzito, na umwambie halifunguliwi. Kama umeme ukikatika hadi nyama zikalainika, mnahesabu wiki mbili upya. Atakucheka, mlipe kidogo atanyamaza.

Likitoka ndipo umpe fundi. Asiweke kiraka. Mwambie afungue pindo la chini kwa ndani, pana akiba ya kitambaa, achomoe nyuzi humo azisuke juu ya matundu. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye macho na subira, na huwa wanatoza kwa tundu, kwa hiyo yahesabuni kabla ya kumpa.