Wosia wa wahitimu: ulimwachia nani tabia yako, na wewe ulirithishwa nini? Tupeane uzoefu

Kalamu ya Kijani (mleta mada)

Habari zenu wakuu,

Shule inapoagana na wahitimu kuna mambo yaliyopangwa: risala, vyeti, hotuba, picha ya pamoja. Halafu kuna lile ambalo halimo kwenye ratiba, na ndilo ninalotaka tulizungumze leo. Wanaoondoka wanaandika wosia. Mali hawana, sanduku limebonyea na ndoo imekatika mshikio, kwa hiyo wanagawa tabia. "Mimi, nikiwa na akili timamu ingawa mwalimu wa hesabu anapinga, namwachia mdogo wangu wa kidato cha pili masikio yangu yanayosikia kengele ya chakula kabla haijagongwa." Bweni zima linaangua kicheko, na yule mdogo kuanzia hapo ana cheo.

Naupenda utaratibu huu kwa moyo wangu wote. Risala inaandikwa ili wakubwa wasikie, cheti kinahesabu alama. Wosia unaandikwa na mwanafunzi kumhusu mwanafunzi mwenzake, na huwezi kumwachia mtu tabia itakayomkaa kama hujawahi kumtazama vizuri.

Mimi niliachiwa "swali la mwisho". Dada mmoja aliyekuwa anahitimu alijulikana kwa hilo: mwalimu akifunga kitabu na kuuliza kama kuna swali, darasa zima likiomba kimoyomoyo asitokee mtu, mkono wake ulikuwa juu. Wosia wake aliuandika kwenye karatasi ya katikati ya daftari kwa kalamu ya kijani, na mashahidi wakaweka dole gumba la wino pembeni. Mstari wangu ulisema: "Swali la mwisho namwachia yule mdogo wa dawati la dirishani. Asilale nalo." Nilishangaa sana, kwa sababu darasani nilikuwa bubu. Kumbe alikuwa ananisikia jioni tukiwa kwenye kamba ya nguo, ninavyobishana na wenzangu mpaka giza linaingia. Tangu siku ile mwalimu akiuliza kama kuna swali, shingo zote zilikuwa zinanigeukia. Ikabidi niwe nalo.

Haya, tiririkeni. Ulirithi nini, ulimwachia nani, na ilikuwaje baada ya hapo?

Dawati la Mwisho

Mimi nilirithi usingizi wa prepu, na niseme wazi kuwa ulikuwa ufundi wa hali ya juu.

Yule kaka alikuwa analala amekaa. Kiwiko mezani, kalamu imegusa karatasi, kichwa kimeinama kama mtu aliyekutana na swali gumu. Kitabu alikuwa anakisogeza karibu kabisa na pua, ili akivuta na kutoa pumzi ukurasa uinuke kidogo. Mwalimu wa zamu akichungulia dirishani anaona ukurasa unatikisika, anaendelea na safari yake. Wosia ulikuja na masharti: "Mrithi asikorome. Akikoroma, urithi urudi kwenye ukoo." Na kweli alinifundisha kabla hajaondoka, akanisahihisha hadi pembe ya kiwiko.

Tulikuwa hatujazoeana kabla ya wosia ule. Baada ya kusomwa akawa ananiita mrithi, na mpaka leo akinipigia simu hilo ndilo jina langu.

Bi Mkubwa wa Foleni

Niliachiwa nafasi ya pili kwenye foleni ya chakula. Ya kwanza aliachiwa rafiki yangu. Hatukusemeshana wiki nzima.

Mwalimu wa Zamu

Mleta mada, asante kwa uzi huu. Naandika kama mtu wa upande wa pili, maana shuleni kwetu mimi ndiye ninayepitia wosia kabla haujasomwa hadharani. Wanafunzi wanadhani natafuta matusi. Matusi ni rahisi kuyaona, unapiga mstari unaendelea. Ninachokitafuta ni kitu kingine, na naomba wote mnaoandika mkizingatie.

Wosia ni kugawa kilicho chako. Ukimwachia mtu uvivu wako, kicheko chako au mwandiko wako wa kuku, umejitaja wewe kwanza, ndipo ukamtaja yeye. Hapo mnacheka wote wawili. Lakini kuna wanaotumia neno "namwachia" kumsema mrithi. Mwaka mmoja kijana alileta mstari huu: "Namwachia fulani sabuni." Wenzake walikuwa wanajipigapiga mapaja. Nikamwita pembeni nikamuuliza, sabuni ni tabia yako ipi? Akatafuta jibu, hakulipata. Nikamwambia arudi na kitu kinachomhusu yeye mwenyewe na kinachomfaa mwenzake.

Kesho yake akaja na hiki: "Namwachia fulani nafasi yangu ya kwanza bombani alfajiri, ambayo nimeilinda kwa baridi na kwa giza, pamoja na siri ya kufungua koki bila kupiga kelele." Maji ni yaleyale na mtu ni yuleyule. Siku ya kusoma, yule mrithi alisimama akapokea kwa mikono miwili, na watu wakampigia makofi.

Jambo jingine ninalolisimamia: mrithi asomewe mstari wake faraghani kabla ya siku yenyewe, na akisema hapana, basi. Wengine wanalalamika kwamba mshtuko unapotea. Sikubaliani nao. Mtu anayejua kinachokuja anakaa mkao wa kufurahi, na kicheko cha ukumbi hakipungui hata kidogo.

Na asiachwe mtu. Ukiwa na wadogo wengi, waachie kwa kundi: "chumba kizima cha pembeni nawaachia zile hadithi za usiku, wagawane". Mtoto anayesikiliza orodha mpaka mwisho bila kusikia hata jina la chumba chake anaumia kuliko aliyetaniwa, na hakuna atakayejua kwamba ameumia.

Kengele ya Kwanza

Mwalimu hapo juu amenigusa. Shule niliyosoma hapakuwa na mtu wa kupitia chochote. Nina kigugumizi. Kijana mmoja aliyekuwa anahitimu alisimama akasoma: "Redio yangu inayokwamakwama namwachia fulani," akataja jina langu, halafu akaigiza. Sitaki kueleza zaidi. Kwa muda mrefu baada ya hapo sikusoma kwa sauti darasani, hata nikiitwa nilikuwa nabaki nimesimama tu.

Mwaka uliofuata dada aliyekuwa anasoma taarifa ya habari mstarini alikuwa anaondoka. Kazi ile kila mtu aliitamani, unasimama mbele ya shule nzima na karatasi yako. Alinifuata maktaba, akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaruhusiwa kuniachia. Nikamwambia haiwezekani. Akasema, wewe ndiye unayeniandikia zile taarifa tangu muhula wa kwanza, nani mwingine atazisoma? Kwenye wosia aliandika: "Habari za asubuhi namwachia aliyekuwa anaziandika. Asome kwa mwendo wake, mstari hauondoki."

Nilisoma. Siku za mwanzo zilikuwa ndefu kwangu na kwao, na mstari haukuondoka. Ndiyo maana sitaki wosia huu ufutwe kama wengine wanavyotaka kwa sababu ya wachache wanaoumiza. Ulioniumiza na ulioniinua ni kitu kimoja, kilichotofautiana ni aliyeshika kalamu.

Jongoo wa Bweni

Mkuu Kengele, umenitoa machozi asubuhi hii. Mungu amzidishie huyo dada.

Msoma Vitabu

Wakuu, utani huu ni wa kale kuliko shule zetu zote. Kuna wosia wa mzaha ulioandikwa kwa Kilatini, unaokadiriwa kuwa wa karne ya 4, na anayeusia ni nguruwe. Mpishi kamkamata, naye anaomba muda kidogo atoe wosia. Anamwachia baba yake mbegu za mwaloni, kisha anaanza kujigawa mwenyewe: manyoya magumu kwa washona viatu, ulimi kwa mawakili na wasemaji, kibofu kwa watoto wa kiume, visigino kwa wakimbiaji. Mtakatifu Jeromu, aliyefariki mwaka 420, anautaja kwa kunung'unika kwamba watoto wa shule wanakufa kwa kicheko wakiusoma. Kwa hiyo wanafunzi wameanza zamani kucheka na wosia!

Nimemleta nguruwe huyu kwa sababu anaunga mkono maneno ya Mwalimu wa Zamu. Anatoa viungo vyake mwenyewe, na kila kiungo kinakwenda kwa mwenye shida nacho. Mwaka 1456 mshairi Mfaransa François Villon, aliyekuwa mhitimu wa Chuo Kikuu cha Paris, aliandika wosia wa namna hiyo kwa shairi: anamwachia kinyozi wake vipande vya nywele zake zilizokatwa, na anamwachia fundi viatu viatu vyake vikuukuu. Marekani nako wosia wa darasa ukawa desturi ya kuagana, ukiambatana na utabiri wa nani atakuwa nani, na ukachapishwa kwenye vitabu vya mwaka vya shule. Wajapani wao wana kifungo. Msichana anamwomba mvulana anayehitimu kifungo cha pili cha koti la sare, kwa kuwa ndicho kilicho karibu na moyo. Hapo utani hakuna, ila ni mahitaji yaleyale ya kubaki na kitu cha mtu anayeondoka.

Waziri Mstaafu

Bwenini kwetu kulikuwa na cheo cha Waziri wa Hali ya Hewa. Kazi yake ni kutoka nje alfajiri kabla ya wote, kutazama angani, kurudi mlangoni na kutangaza: "Leo mawingu ya chini, anueni nguo kabla ya saa nane." Akikosea anaitwa bungeni, yaani anakalishwa kitandani kwa kiranja na kuhojiwa. Mimi nilirithishwa na aliyenitangulia, naye alirithi kwa mwingine ambaye sikumkuta. Nilipoondoka nilimwachia mtoto mmoja mpole aliyekuwa anapenda kukaa nje peke yake. Niliona ana macho ya kazi ile, na nilitaka awe na sababu ya kurudi ndani na kusema jambo.

Miaka ilipita. Nikaenda shuleni kwa mkutano wa waliosoma pale, nikalala nyumba ya wageni karibu na mabweni. Alfajiri nikasikia sauti nyembamba ya kitoto ikitangaza mlangoni: "Jua kali, upepo wa mashariki, fueni bila hofu!" Nilikaa kitandani nikicheka peke yangu. Yule mtoto hanijui, na hata niliyemwachia mimi huenda hamjui. Cheo kimepita mikono mingi na maneno yamebadilika, lakini kile kituo kabla ya "upepo" ni cha yule wa mwanzo kabisa, maana mimi nilifundishwa hivyohivyo: unanyamaza kwanza watu wakutegee sikio.

Mhitimu Mtarajiwa

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiyo naondoka mwaka huu na wosia unatakiwa Ijumaa. Nimekwama kwa mtu mmoja. Kuna mdogo wangu ninayekaa naye chumba kimoja, anaogopa kila kitu, giza, walimu, mtihani. Mimi sifa yangu ni kwamba siogopi. Nikisema "namwachia ujasiri wangu" naona kama natangaza mbele ya watu kwamba yeye ni mwoga. Nifanyeje?

Mwalimu wa Zamu

Marahaba mwanangu. Umeshaliona tatizo, nusu ya kazi umemaliza. Usimwachie ujasiri, jina lake ni kubwa mno. Mwachie kitu kidogo unachokifanya ukiwa na huo ujasiri. Usiku taa zikizimwa huwa unafanya nini?

Mhitimu Mtarajiwa

Huwa naimba. Nikienda bombani gizani naimba kwa sauti mpaka nirudi, bweni zima linanipigia kelele ninyamaze.

Kalamu ya Kijani (mleta mada)

Hapo hapo mdogo wangu! Mwachie wimbo.

Mhitimu Mtarajiwa

Nimeandika hivi, mnaonaje: "Wimbo wangu wa kwenda bombani usiku, ambao mmeulaani tangu kidato cha kwanza, namwachia mdogo wangu wa kitanda cha chini. Auimbe kwa sauti ya juu, na ninyi wengine mna wajibu wa kupiga kelele ili ajue mko macho."

Dawati la Mwisho

Usiguse neno hata moja. Tafuta mashahidi wawili wenye wino.