Mjadala: Balaklava 1854, tuwalaumu mabwana wanne au utaratibu uliowapa vyeo?

Mtunza Filamu
Filamu ya Tony Richardson ya mwaka 1968, The Charge of the Light Brigade, inasimulia jinsi wapanda farasi wa Uingereza wapatao 670 walivyoamriwa, tarehe 25 Oktoba 1854, kuivamia mizinga ya Warusi katika bonde karibu na Balaklava, wakati wa Vita vya Krimea. Mizinga ilikuwa mbele yao, kushoto na kulia. Kwa muda wa kama dakika 20, kwenda na kurudi, watu wapatao 110 walikufa na farasi zaidi ya 300 walipotea. Filamu haimung'unyi maneno: watu hao waliuawa na ubwana. Jeshi lilikuwa mikononi mwa makabaila, na makabaila hawakujua kazi.

Mimi nasema hukumu hiyo ni ya haki, na ushahidi wangu ni bei. Cheo cha chini kabisa cha afisa wa farasi kiliuzwa rasmi kwa pauni 840, na cha luteni kanali kwa pauni 6,175. Juu ya hapo kulikuwa na bei ya pembeni, iliyokatazwa na sheria na bado ikalipwa. Lord Cardigan aliingia jeshini mwaka 1824, na ilipofika 1830 alikuwa luteni kanali, bila kuona vita hata siku moja. Mwaka 1834 aliondolewa kwenye ukuu wa rejimenti kwa jinsi alivyomwonea kapteni wake. Miaka miwili baadaye alipata rejimenti nyingine, na kiasi kinachotajwa sana ni kati ya pauni 35,000 na 40,000. Huyo ndiye aliyewaongoza wale 670. Anayepinga aseme.

Saraji
Napinga, mkuu. Kilichoua watu siku ile ni karatasi moja. Tuipitie.

Lord Raglan, kamanda mkuu, alikuwa mlimani, zaidi ya mita 180 juu ya bonde. Kutoka kule aliona Warusi wakijiandaa kuvuta mizinga ya Waingereza waliyoiteka asubuhi kwenye mgongo wa vilima upande wa kulia. Akatoa amri, Jenerali Airey akaiandika kwa penseli: farasi wasonge mbele upesi, wamfuate adui, wamzuie asiondoke na mizinga. Amri haikusema mizinga ipi. Haikutaja vilima wala upande. Lord Lucan, mkuu wa farasi wote, alikuwa chini bondeni, na kwa mahali alipokuwa, vilima vilimficha kila kitu. Mizinga pekee iliyokuwa dhahiri ilikuwa ile ya Warusi, mwisho wa bonde, takriban kilomita 2 mbele. Alipouliza ni mizinga gani, Kapteni Nolan aliyeleta amri alinyoosha mkono tu kuelekea bondeni.

Aliye juu anaona, aliye chini haoni, na mwandishi amesahau neno moja. Kosa kama hilo lingeweza kutokea hata katika jeshi la watoto wa wakulima watupu.

Ustadhi
Ndugu Saraji, maelezo yako ni sahihi, ila umeruka mahali penyewe. Lucan alikuwa na nafasi ya kutuma mtu arudi juu kuuliza. Alikuwa na nafasi ya kupanda kilima cha karibu aangalie. Kwa nini hakufanya?

Kwa sababu Nolan alikuwa kapteni tu, hodari wa farasi, aliyeandika vitabu kuhusu vita vya farasi na aliyewadharau waziwazi wakuu wake. Lucan hakuwa tayari kubishana na kijana wa namna hiyo mbele ya watu. Kisha amri ikatoka kwa Lucan kwenda kwa Cardigan, ambaye dada yake alikuwa mke wa Lucan, na mashemeji hawa walichukiana kwa miaka mingi. Cardigan alieleza kwamba kuna mizinga mbele na pande zote mbili. Lucan akajibu kuwa ni amri ya Raglan, basi. Dakika moja ya mazungumzo ya kawaida kati ya watu wanaoheshimiana ingewaokoa wale askari. Karatasi mbaya ilianza balaa, lakini ubwana ndio uliozuia isisahihishwe.

Dira
Nawaheshimu wote, ila kuna jambo filamu imeliacha nje, na kuliacha huko ni kosa kubwa. Asubuhi hiyohiyo, kabla ya maafa, kikosi cha farasi wazito chini ya Jenerali Scarlett kiliwashambulia Warusi wengi kuliko wao mara kadhaa. Walipanda mteremko, na kwa dakika chache Warusi wakarudi nyuma. Scarlett alikuwa na umri wa miaka 55, hajawahi kupigana, na vyeo vyake vilitoka katika utaratibu uleule wa kununua. Kama fedha inazaa ujinga, huyu alitoka wapi?

Halafu tofautisheni ngazi. Kununua kuliishia kwenye luteni kanali. Juu ya hapo mtu alipanda kwa kusubiri zamu. Maafisa wa mizinga na wa uhandisi hawakununua kabisa. Raglan hakupewa Krimea kwa sababu ya pochi. Alipewa kwa sababu alikuwa katibu wa Duke wa Wellington, jemadari mashuhuri wa Uingereza, kwa miaka mingi, na hakuwahi kuongoza hata batalioni moja vitani.

Na kuna Tanga. Biashara ya vyeo ilifutwa mwaka 1871. Miaka 43 baadaye, Novemba 1914, Jenerali Aitken wa Uingereza alileta watu wapatao 8,000 kutoka India kushambulia Tanga, iliyolindwa na watu kama 1,000 chini ya kamanda Mjerumani Lettow-Vorbeck. Nahodha wa manowari ya Kiingereza alikwenda kwanza bandarini kutoa taarifa kwamba mapatano ya kutoshambulia bandari hiyo yamevunjwa, kwa hiyo Wajerumani wakapata siku nzima ya kuleta askari kwa treni. Hapakuwa na upelelezi, na askari walikuwa wamechoka kwa safari ndefu ya baharini. Walishindwa, wakaacha bunduki na risasi nyingi ufukweni. Aitken hakununua cheo.

Mtunza Filamu
Dira, kwa Scarlett umenisaidia mimi. Alijua kwamba hajui. Akamchukua Elliot, afisa aliyepigana India, akawa msaidizi wake wa karibu, na akamsikiliza. Cardigan aliwadharau maafisa waliotumikia India, kwa sababu wengi wao walikwenda huko kwa kukosa fedha za kuishi kama mabwana nyumbani. Ujuzi wa vita ulikuwepo jeshini, lakini ulikaa kwa watu ambao jamii yao haikuwaruhusu kusikilizwa. Hilo ni tabaka, hata bila risiti ya manunuzi. Aitken naye aliwadharau askari wa Kiafrika waliokuwa mbele yake kabla hajawaona. Dharau haikufutwa mwaka 1871.

Bint Mrima
Jamani, mnabishana juu ya dakika 20. Wengi wa waliokufa katika vita hivi hawakuguswa na mzinga. Waingereza waliokufa kwa magonjwa Krimea walizidi 16,000. Waliokufa kwa silaha, pamoja na majeraha, hawakufika 5,000. Anayetaka kuonyesha uzembe wa jeshi aanzie jikoni.

Chukueni kahawa. Askari waligawiwa buni, yaani kahawa mbichi, kwa sababu buni huvumilia unyevu wa melini kuliko kahawa iliyokaangwa. Hoja hiyo ni nzuri ofisini. Kule mahandakini askari hakuwa na kikaango, hakuwa na kinu, na kuni zilikwisha hadi watu wakachimba mizizi kwenye ardhi iliyoganda. Wakatwanga buni kwa vipande vya makombora. Wengi walizitupa. Maji ya ndimu ya kuzuia kiseyeye yalifika bandarini Desemba, wagonjwa wakiwa wamejaa, yakaanza kugawiwa Februari. Chakula cha jeshi kilisimamiwa na watu wa Hazina, si na makamanda. Kila mzigo ulitaka saini, na mwenye saini hakulala kwenye tope.

Na farasi walionusurika bondeni? Kambi ilikuwa kilomita 10 hivi kutoka bandarini, barabara imegeuka bwawa la matope. Dhoruba ya tarehe 14 Novemba ikazamisha meli zenye nguo za baridi na malisho. Shayiri ilikuwepo bado bandarini, ikatakiwa farasi washuke kuibeba wangali na nguvu. Cardigan hakukubali kuwatoa. Yeye alilala kwenye mashua yake ya anasa bandarini humohumo, na farasi wakala mikia na manyoya ya shingo ya wenzao mpaka wakaanguka. Ningependa filamu ikae hapo nusu saa nzima.

Saraji
Bint Mrima, hilo limenigusa, na kwa majira ya baridi sina utetezi. Lakini mnaisifu filamu kana kwamba ni hati. Kisa cha chupa nyeusi mezani, ambapo Cardigan anamfokea afisa kwa chupa ya mvinyo aliyoidhani ni bia isiyofaa mabwana, kilitokea mwaka 1840 na kilimhusu Kapteni John Reynolds. Filamu inamtwika Nolan, ambaye hakuwa hata katika rejimenti hiyo. Kijana mmoja amefanywa abebe malalamiko ya maafisa wote wa tabaka la kati. Mtazamaji anatoka akiamini ameona historia.

Ustadhi
Kuunganisha visa ni kazi ya filamu, nami nakubali mradi uzito usibadilike. Ile adhabu ya viboko filamuni, kwa mfano. Sajenti yule ni wa kutungwa, lakini Cardigan kweli alimchapa askari viboko 100 siku ya Pasaka mwaka 1841, mara tu baada ya ibada. Ninapopata shida ni kwenye kifo cha Nolan. Alikimbiza farasi mbele ya safu akipiga kelele, kombora likampata kabla ya wengine wote. Je, alikuwa anawageuza waende kwenye mizinga ya vilimani, au alikuwa anawahimiza wakimbie zaidi? Filamu inachagua jibu la kwanza. Hakuna aliyerudi na jibu.

Dira
Hapo nakubaliana na Ustadhi. Na kwa Bint Mrima naongeza lililofuata. Mwaka 1856 ripoti ya McNeill na Tulloch, wachunguzi waliotumwa na serikali Krimea, iliwataja Lucan na Cardigan kuhusu farasi waliokufa njaa. Serikali ikaunda bodi ya majenerali, ikakaa Chelsea, London, ikasikiliza na kuwasafisha maafisa wote waliotajwa. Wakati huo Cardigan alikuwa ameshateuliwa mkaguzi mkuu wa vikosi vya farasi vya Uingereza. Lucan, mwaka 1887, alipewa cheo cha juu kuliko vyote jeshini.

Bint Mrima
Na majenerali wa bodi hiyo, vyeo vyao vya mwanzo walivipataje, Dira?

Dira
Waliokuwa wa mizinga na uhandisi, kwa zamu. Wengine, kwa utaratibu uleule.