Ushauri: Kusafirisha UAZ ya jeshi la zamani kutoka Leipzig kwenda Tanga, kontena au RoRo?

Muheza_Leipzig: Wakuu, heshima kwenu. Niko Ujerumani kitambo, mkataba wa kazi unaisha Julai mwakani na narudi nyumbani moja kwa moja. Kuna mzee hapa Saxony ana UAZ-469, jipu la Kirusi, ya 1969 iliyokuwa ya jeshi la Ujerumani Mashariki. Imelala ghalani. Turubai zima, matangi yote mawili hayajatoboka, injini inawaka kwa betri ya kuazima. Hili gari nimelitamani tangu mdogo. Swali langu ni moja tu: kutoka Hamburg hadi Dar, nipakie kwenye kontena au RoRo (meli ambayo gari huingizwa likiendeshwa)? Usingizi sipati.

Baharia_77: Kontena, mkuu. Gari la turubai halifungiki, ukilipandisha RoRo utapokea bodi tupu. Urefu wake ni mita 4 na kidogo, futi 20 inatosha na nafasi inabaki. Punguza mafuta, chomoa betri, osha tope lote la chini.

Mama Tindi: Mdogo wangu, hela hiyo si ungemwagia zege nyumbani? Kaka yetu alituma Benzi kutoka Uholanzi, likazima Chalinze. Sasa liko uani, kuku wanatagia kiti cha nyuma na funguo bado anazo yeye.

Fundi_Kombo: Wote mnaongelea meli, mimi nauliza kodi. Injini ni cc 2,445. Forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa 10, uchakavu kwa gari lililozidi miaka 10 ni 30, halafu VAT 18 inakuja juu ya hayo yote. Umejipangaje?

Muheza_Leipzig: Hapo sina wasiwasi. Nahama na vyangu vyote, naingia na msamaha wa kodi wa mkazi anayerudi. Naomba turudi kwenye kontena.

Fundi_Kombo: Hatujafika huko. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inataka gari uwe umelimiliki NA kulitumia huko nje kwa miezi 12 au zaidi, na siku za melini hazihesabiwi. Kadi ina jina la nani, tangu lini?

Baharia_77: Mleta mada kaingia mitini.

Muheza_Leipzig: Nipo, nilikuwa zamu. Halijawahi kusajiliwa uraiani. Lilitoka jeshini 1990 likaingia ghalani. Nusu ya bei nimeshalipa, na mzee amekubali kuandika mkataba wa mauziano wenye tarehe ya mwaka juzi. Simwibii mtu. Hela ni jasho langu, gari ni la kwangu na la familia. Ningesubiri, kuna Mholanzi ameshakuja kulipima kwa futi.

Mama Tindi: Kumbe! Mwanangu, karatasi ya uongo mezani kwa forodha ni kesi. Utafika Dar na kontena, gari libaki bandarini likila gharama za kuhifadhi, na wewe uanze kutafuta wakili.

Mzee wa Bunazi: Mmenikumbusha mbali vijana. Vita ya Kagera, 1979, ile mizinga ya roketi ya BM-21 waliyoiita Saba Saba ilibebwa na malori ya Ural. Injini ya petroli, lita 7, silinda 8. Lilikuwa linakunywa mafuta balaa! Lakini kwenye tope la masika lilipita. Chuma cha Mrusi kiheshimuni.

Chui_wa_Amboni: Wadau, hii chai. UAZ-469 ilianza kutoka kiwandani Ulyanovsk mwishoni mwa 1972. Hiyo ya 1969 imetengenezwa wapi? Ama ni GAZ-69, jipu lililoitangulia, ama hakuna gari wala mzee. Weka picha ya kibati cha kiwandani chenye mwaka.

Baharia_77: Tumechota maji, sukari imeletwa.

Muheza_Leipzig: Mwongo mimi siyo. Mwaka 1969 kautamka mzee mwenyewe. Nimetoka kazini nikaenda moja kwa moja ghalani, picha hiyo hapo. Kibati kina rangi ya kijani juu yake, nimekwangua kwa ukucha: 1978.

Chui_wa_Amboni: Naona. Gari lipo, nafuta kauli. Ila muuzaji anayekosea miaka tisa ndiye huyo huyo atakayekuandikia tarehe ya mwaka juzi?

Fundi_Kombo: Huo mkataba achana nao. Andikeni tarehe ya leo. Gari limevuka miaka 30, kwa hiyo huko Ujerumani unaweza kuliombea namba za H za magari ya kale, mkaguzi akiridhika. Lisajili kwa jina lako, kata bima, liendeshe, tunza risiti. Leo ni Mei. Ukipata namba mwezi huu, miezi 12 inatimia kabla ya Julai. Pima pia chini ya difu: milimita 300 ni la jeshi kweli, lenye gia kwenye vitovu vya magurudumu. Ukipata 220 ni 469B, toleo la kiraia, bei ishuke.

Muheza_Leipzig: Nimepima, 300. Lakini mkuu, bima ya mwaka mzima na ukaguzi ni hela ya kontena hiyo.

Fundi_Kombo: Weka kwenye mizani na 25, 10, 30 na 18.

Muheza_Leipzig: Sawa. Napiga simu kesho kuomba miadi ya ukaguzi. Breki za nyuma hazishiki, silinda zake zinavuja. Vipuri kutoka Urusi siku hizi havipiti. Kuna mtu yuko huku anajua wanaouza akiba za zamani za Ujerumani Mashariki?