Ushauri: Skripti ya jozi nne za wanandoa imenizidi kurasa, na ugomvi wote unafanana

KaratasiTupu:
Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa wanaojua filamu zenye wahusika wakuu wengi. Nina jozi nne za wanandoa, marafiki wa muda mrefu. Jozi ya kwanza, mume amefukuzwa kazi na anamficha mkewe. Ya pili wanahangaika kupata mtoto. Ya tatu, mke ana mtu mwingine. Ya nne wanaishi kama wapangaji wawili wa nyumba moja. Nataka dakika 110, lakini rasimu ya pili ina kurasa 146 na sini (matukio) 91, na sini moja ya mezani inakula kurasa 14 peke yake. Walioisoma wanalalamikia mambo matatu: wanawachanganya wahusika mpaka ukurasa wa 30, ugomvi wote unasikika kama wa watu wale wale, na jozi ya nne wanaisahau katikati. Nifute jozi moja?

MsukaUkili:
Mkuu, usifute mtu kabla ya kupiga hesabu. Skripti iliyopangwa kwa mtindo wa kawaida, ukurasa mmoja hukaribia dakika moja, kwa hiyo una kurasa 110. Tenga 30 kwa sini za pamoja, zinabaki 80. Ukizigawa 20 kila jozi, hakuna hadithi itakayozibeba nyingine, na filamu itatembea kwa zamu kama foleni. Gawa kwa uzito, kuanzia jozi ya kwanza hadi ya nne: 30, 22, 17, 11. Yenye 11 usiipe msuko mzima wa hadithi. Ipe sini sita au saba, na badiliko moja tu.

Kisha chukua kadi za rangi nne, rangi kwa jozi, na rangi ya tano kwa sini za pamoja. Kadi moja, sini moja. Zibandike ukutani kwa mfuatano. Rangi ikipotea zaidi ya kurasa 12, mtazamaji ameshaisahau. Weka hapo nusu ukurasa tu, hata mtu amekaa garini hataki kushuka.

Jaribio kubwa ni hili: toa kadi zote za rangi moja. Zilizobaki zikisimama bila kutikisika, jozi hiyo ina filamu yake kwingine. Kwako naona kiungo kilicho wazi. Mume aliyefukuzwa kazi akope kwa siri kwa mume wa jozi ya pili, zile fedha walizoweka kwa ajili ya matibabu. Sasa siri moja inatafuna ndoa mbili, na utakata sini nyingi za kueleza matatizo, maana tendo limeshaeleza.

Sikio_la_Pazia:
Kufanana kwa ugomvi ni tatizo la mwendo, yaani namna kila mtu anavyogombana; maneno yanafuata baadaye. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza mazungumzo ya wanandoa kwa miongo kadhaa, alibainisha tabia nne zinazobomoa: kushambulia nafsi ya mtu badala ya kitendo chake, dharau, kujihami, na kujifunga kimya. Gawia kila jozi mwendo wake. Mume aliyefukuzwa anajihami: anajibu swali ambalo hajaulizwa. Mke mwenye siri anashambulia, kwa sababu anatafuta kosa la mumewe litakalompunguzia lake. Jozi ya pili mmoja anafuatilia, mwingine anajifunga, na kadiri huyu anavyosukuma ndivyo yule anavyozidi kunyamaza. Jozi ya nne wana dharau iliyovaa adabu: "asante" bila kuinua macho.

Ugomvi uanzie kwenye kitu kinachoshikika, kama ufunguo, dirisha lililoachwa wazi, au simu iliyogeuzwa kifudifudi. Jambo lenyewe lisitajwe waziwazi kabla ya ukurasa wa 70 hivi. Na ndani ya kila ugomvi weka jaribio moja la kupatana, mkono begani au neno la utani wao wa zamani, kisha likataliwe. Bila hilo mtazamaji hana cha kutumainia, anachoka tu na kelele.

Kupima: ziba majina, mpe mtu mwingine asome mistari 10, akuambie nani kasema nini. Akikosea mitatu, andika upya.

FundiMwanga:
Mimi niseme kuhusu mwanzo na ile meza.

Majina yaanze na herufi tofauti, yasilingane urefu. Salma, Salima na Saida katika skripti moja ni kumtesa msomaji. Usilete watu wanane kwa mpigo. Kurasa tano za kwanza zibaki kwa jozi moja, wengine waingie wawili wawili, na ifikapo ukurasa wa 15 wote wawe wameonekana, kila jozi ikiwa inafanya jambo linaloonyesha ufa wake.

Kurasa 14 mezani ni nyingi. Shusha hadi 8. Watu wanane hawazungumzi mazungumzo mamoja. Wagawe katika mawili, kisha mtu mmoja asikie neno la upande usiomhusu. Hapo ndipo siri ya mkopo inapovuja.

Wakati wa kupiga picha, amua mapema mstari wa kutazamana, ule wa kufikirika unaounganisha wawili wanaoongea. Kamera ikiuvuka ovyo, wawili wanaoongea wataonekana wote wanatazama upande mmoja. Maliza picha zote za upande mmoja wa meza, ndipo uhamishe taa mara moja uende wa pili. Kwenye picha za karibu waigizaji wasidakizane: sauti mbili zikinaswa pamoja, mhariri atashindwa kuzitenganisha. Kudakizana hutengenezwa kwenye uhariri. Na mtu wa mwendelezo, anayehakikisha vitu havibadiliki kati ya picha na picha, apige picha ya kila glasi baada ya kila mkupuo wa kurekodi, la sivyo vinywaji vitapungua na kujaa vyenyewe.

Mama_Rasimu:
Nakubaliana na kadi, ila jozi ya nne kuipa kurasa 11 ni kosa. Ukimya unahitaji muda wa kuonekana, hauenei kwenye nusu ukurasa. Wape huyo mume na mkewe 22, ya pili ichukue 17, na jozi ya tatu ndiyo ishuke hadi 11. Usaliti mtazamaji anauelewa kwa sini moja.

KaratasiTupu:
Nawashukuru sana. Kadi naanza leo, na hoja ya Mama_Rasimu nimeikubali. Swali la mwisho: siri ya mke wa jozi ya tatu ifichuke ukurasa wa 60 au wa 95?

Mama_Rasimu:
Mtazamaji ajue kufikia wa 25, mume ajue karibu na wa 60. Ukingoja 95, kilele chako kitakuwa habari mpya, na hutakuwa na nafasi ya kuonyesha wanachokifanya baada ya kujua, wakati hicho ndicho ulichoahidi. Kufunga usikusanye wote kwenye sini moja. Funga yenye uzito mdogo kwanza, yenye uzito mkubwa mwisho, na moja iache bila jibu. Ningeiacha jozi ya pili: fedha zimerudishwa, zipo mezani, na hakuna anayenyoosha mkono kuzichukua.